Fahali Mlangoni kwa Hizamu

...limeibwa, afande, ndivyo nilivyosema, siongezi wala sipunguzi, limeibwa, afande, na Mwenyezi Mungu alikuwepo anasikia, na kanali alikuwepo, na kaka yangu Hizamu alikuwa amesimama mbele yangu mikono imefungwa kwa kilemba chake mwenyewe, na jambia nililosema limeibwa nilikuwa nimempa mimi, kwa hiari yangu, kwa kiapo changu, na leo nimesimama mbele ya mlango wake na kamba ya fahali mkononi, na mlango umefungwa, na ninachoomba ni kimoja tu, ufunguliwe, fungua kaka, fungua tumalize, jua limeshapanda juu ya matuta ya mtama na watu wamejaa uwanjani mpaka juu ya kuta, wanawake wako kwenye mapaa, fungua... fahali analamba mkono wa koti langu, anatafuta chumvi ya jasho, ana ulimi kama tupa, nimemchagua mwenyewe sokoni, mweusi, hana kilema, pembe zake sawasawa, nilisema moyoni huyu atamfaa Hizamu, kana kwamba Hizamu amekosa ng'ombe, kana kwamba kitu nilichomnyang'anya kilikuwa na pembe. Nyuma yangu Sheikh Muthana anasafisha koo, ndiye aliyenipangia shughuli hii, anapenda suluhu kama wengine wanavyopenda harusi, ananong'ona, "Meja, ng'ombe huyu atatuzeekea mkononi, mwambie Jubrani achinje," na Jubrani mchinjaji anapitisha kisu kwenye jiwe, shwa, shwa, anasema, "Mimi niko tayari tangu alfajiri, hata fahali yuko tayari, asiye tayari ni mwenye mlango," na watu wanacheka, na mimi nacheka nao kidogo, astaghfirullah, nacheka, mdomo huu haujui aibu... ngoja, nawaambia, ngoja kidogo, ajue kwanza kwamba tumekuja. Anajua. Kijiji kizima kinajua tangu jana. Nimesikia kishindo huko juu ghorofani, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi, mzito, mwepesi, ndivyo anavyotembea sasa, kaka yangu aliyekuwa akipanda mlima huu na mbuzi mabegani huku anaimba, ni pingu za ngome ya mjini Sanaa zilizomkwangua kifundo mpaka mfupa ukakubali kukaa upande, na pingu zile ni mimi, nilizipiga nyundo kwa neno limeibwa. Wanaoniona hapa na nyota za umeja mabegani wanadhani nilizipata vitani. Nilizipata pale, kwenye kituo cha barabarani, chini ya anga jeupe, siku ambayo hapakuwa na ukungu. Mama alikuwa akituombea ukungu. Sijapata kusikia mama mwingine anayeomba dua hiyo, alisema, "Nimezaa wanajeshi wawili, mmoja wa Imamu, mmoja wa Jamhuri, nikimwombea huyu ushindi nimemlaani yule, basi nawaombea ukungu, ukungu mzito juu ya milima yote, msione pa kulenga," na siku nyingine kweli ukungu ulipanda kutoka bondeni mpaka bunduki zikanyamaza, na askari wangu wakalaani hali ya hewa, na mimi peke yangu nilijua ni mama, yuko juu ya mkeka wake, anavuta mawingu kwa tasbihi. Tuliingia jeshini pamoja, mimi na Hizamu, wakati bado kuna jeshi moja, jeshi la Imamu aliyekuwa mfalme wetu, na mimi nilikuwa mfupi, mwandikishaji akasema huyu arudi kwa mama yake, Hizamu akanisimamisha nyuma ya watu juu ya jiwe akasema, "Mtazame tena, bwana, alikuwa ameinama kwa heshima," tukaapa siku moja, tukaweka mikono pamoja, wake juu ya wangu, au wangu juu ya wake, sikumbuki... hapana, wake ulikuwa chini, ulikuwa na joto. Nyumbani tulikuwa na koti moja la ngozi ya kondoo, watoto wawili koti moja, leo wewe kesho mimi, na siku zake za koti zilikuwa zikinifikia mimi, alikuwa akisema ana joto, ana joto la asili, naye midomo imekuwa ya buluu kama zambarau... halafu mapinduzi yakaja, yakanikuta mimi mjini kwenye vifaru, na yeye yuko milimani na walinzi wa Imamu, na mimi nikavua kiapo kama mtu avuaye kiatu mlangoni, sikuona taabu, wote waliokuwa karibu yangu walikuwa wanavua, na nisiseme uongo, niliipenda Jamhuri, naipenda mpaka sasa, ilinipa shule, ilinipeleka Misri nikajifunza ramani na mizinga, lakini Hizamu alituma neno, "Mwambieni mdogo wangu simlaumu, ila mimi nina mdomo mmoja, na mdomo mmoja hauapi mara mbili." Simlaumu, alisema. Angenilaumu tu. Kaka, ungenilaumu tangu mwanzo ningezoea...

"Shemeji!" Ni sauti kutoka dirishani juu, naijua, sihitaji kuinua uso, ni Takia mke wa Hizamu, "Shemeji Sarhani! Umeleta mzigo gani leo? Ninyooshe mkono nikubebee?" na watu wanacheka tena, wanadhani ni utani wa shemeji, mmoja anamjibu, "Mama, huyu humbebi, huyu ana miguu minne!" lakini mimi safari hii sicheki nao, kwa sababu hakuna anayeijua maana ya maneno yale ila yeye na mimi na aliye nyuma ya mlango, na Mola wetu. Alibeba yeye. Mwaka ule mama alipolala kitandani, hali chakula, hanywi hata kahawa ya maganda aliyoipenda, akawa anasema kitu kimoja tu, nataka kuwaona wawili kwa pamoja, hata kama mtagombana mgombane mbele yangu, na barabara ya kijijini ilikuwa mikononi mwa kituo changu, mimi luteni, na Hizamu yuko ng'ambo ya bonde na watu wake, na wanawake ndio waliokuwa wakivuka, hapana mtu mwenye mama aliyekuwa akimgusa mwanamke njiani, basi nikamwita Takia, nikafungua mkanda, nikavua jambia langu, lile la babu, mpini wa pembe ya kifaru na alama ya nyumba yetu kwenye ala, nikamwambia mpelekee mumeo, mwambie aje amwone mama, mwambie yuko katika uso wangu. Akalitia ndani ya gunia la mtama akalibeba kichwani. Na kwetu mtu akikupa uso wake umelindwa kuliko ukiwa ndani ya ngome, na akikupa jambia lake basi amekupa uso huo ukiwa na mpini, waushike, na anayeuvunja uso wake hana jina tena, hata mbwa wa mtaani... Takia aliniuliza, "Askari wako wanajua?" nikasema yaachie mimi. Hawakujua. Niliona haya kuwaambia kwamba ninamsubiri mtu wa Imamu, nikasema mchana huo nitakaa kituoni mwenyewe, nitampokea mwenyewe, nitasema ni binamu yangu anatoka sokoni, nilipanga uongo mdogo, na uongo mdogo ulikuwa unaniandalia njia ya mkubwa. Kanali akaja bila taarifa. Alikuja na habari njema, nitapandishwa cheo, kapteni, akanishika bega, akaomba chai, na chai haijapoa vijana wakamleta Hizamu, wamemkamata njiani anatembea wazi wazi, katikati ya barabara, hajajificha hata kidogo kwa sababu alikuwa katika uso wangu, na aliponiona akatabasamu... Ewe Mola, kila kitu nichukulie lakini tabasamu lile uniondolee, alitabasamu kama mtu ambaye ameshafika nyumbani na sasa anavua viatu. Kanali akaona jambia. Akaona mkanda wangu mtupu. Akasema, taratibu, hakupaza sauti, "Luteni, hili lina alama ya nyumba yenu, na wewe huna lako. Ulimpa?" Nafasi ilikuwa ndefu. Watu husema jambo lilitokea ghafla, mimi halikunitokea ghafla, nilikuwa na muda wa kutazama mvuke wa chai, nilikuwa na muda wa kufikiri kwamba kumpa adui dhamana ni kupigwa risasi ukutani, na nilikuwa na muda, hii ndiyo nisiyoisema hata kwenye sijida, nilikuwa na muda wa kufikiri juu ya ukapteni. Limeibwa, afande. Na kanali akamgeukia, "Wewe uliiba?" na Hizamu akanitazama, tabasamu halijaondoka vizuri, limebaki kwenye pembe za mdomo kama maji yaliyosahaulika kwenye bakuli, akasema, "Ndiyo. Niliiba." Akanivika koti kwa mara nyingine. Ana joto la asili. Na mama alikufa wiki ile bila kuona hata mmoja, maana mimi nami sikuwa na uso wa kwenda, na jambia waliniletea likiwa limefungwa kwa kitambaa, mali yako, bwana mkubwa, na nimelivaa, nimelivaa Ijumaa zote na sikukuu zote, limo kiunoni mwangu sasa hivi, lina uzito wa jiwe la kusagia. Vita vikaisha, wakubwa wakapatana, waliokuwa maadui wakaketi zulia moja wakatafuna mirungi na kubusiana mabega, wafungwa wakafunguliwa, Hizamu akarudi na mguu wake, na nikisali nikifika mwisho nikageuka kulia kutoa salamu sawa, nikigeuka kushoto nahisi yuko pale, kushoto kwangu, amekaa, ameunyoosha mguu, na salamu inanikwama...

"Weka jambia kizingitini, Meja," anasema Sheikh Muthana, "liweke, kisha Jubrani amwage damu, damu ikishagusa jiwe hana ujanja, atatoka tu, au aibu itahama, itamwangukia yeye." Hana ujanja. Amesema hana ujanja. Ni kweli, ndiyo desturi, na mimi niliijua nilipokuwa namnunua fahali, anayeletewa damu mlangoni lazima atoke na lazima aseme nimesamehe, watu wote wakishuhudia, la sivyo atasemwa yeye ni mtu mgumu, hana utu, hana dini... na nilifurahi kwa hilo, siwezi kulikana, njiani kote nilifurahi, nilijiambia safari hii hawezi kukataa. Subhanallah. Safari hii. Basi safari ile nilimvuta kwa jambia, na safari hii namvuta kwa ng'ombe, na mara zote mbili nimechukua kitu cha heshima cha babu zetu nikakitega kama mtego wa panya... lakini nimekuja kutubu, si ndivyo? Nimekuja na wazee, nimevua kilemba nimekining'iniza shingoni kama mkosaji, nini tena wanataka, nini tena kinatakiwa? Juu ya ukuta kuna mzee mmoja anazungumza na mwenzake, ni kiziwi kidogo, hivyo anadhani ananong'ona, "Huyu ndiye mwanamume bwana! Mwizi kamwibia jambia la babu yake, na badala ya kudai haki yake, yeye ndiye anayeleta fahali! Kaibiwa na bado anachinja! Wako wapi watu kama hawa?" na mwenzake anasema, "Mungu amzidishie, ana moyo mpana kuliko bonde," na mwanamke mmoja kwenye paa anapiga vigelegele vifupi, kwa ajili yangu, vigelegele kwa ajili yangu... nini hiki, nini hiki, wanasema nini... Mwizi. Kumbe bado ni mwizi. Miaka yote hii. Nilidhani lilibaki kituoni, neno lile, nilidhani lilikufa pamoja na vita, sikuuliza, sikuthubutu kuuliza, na kumbe lilipanda mlima kabla yake, likamsubiri hapa mlangoni, akatoka gerezani akarudi katika kijiji chake akiwa mwizi, mwizi wa jambia la mdogo wake, kwetu ambako mtu huacha mzigo wake njiani akaukuta kesho. Na Takia hakusema? Takia hakusema, sasa nakumbuka, nilimkuta kwenye kaburi la mama, aliniambia kwa meno yaliyofungwa, "Hizamu ameapa kwa talaka yangu, nikifungua mdomo kuhusu gunia lile mimi si mke wake tena, usidhani nimenyamaza kwa ajili yako," nami nikashukuru, nikaondoka haraka nikishukuru, nikasema Mungu ni mwenye kusitiri. Alikuwa ananisitiri Hizamu. Na Sheikh Muthana aliponiuliza, tuwaambie watu fahali ni wa kosa gani, nilimwambiaje? Nilimwambia, yaliyopita, vita, ndugu kwa ndugu, unajua mwenyewe... akasema naelewa, naelewa, tuseme ni wa mapatano. Wa mapatano! Nimemleta fahali huyu ili nisamehewe bila kusema. Damu itamwagika, Hizamu atatoka na mguu wake, atasema nimesamehe, nitambusu bega, watakula nyama, na usiku watu watasimulia jinsi Meja Sarhani alivyomsamehe ndugu yake mwizi mpaka akamchinjia fahali, na yeye atakaa akisikiliza, hatasema kitu, atanivika koti mara ya tatu, na mimi nitalivaa, najijua, nitalivaa na nitasema alhamdulillahi...

Kishindo. Mzito, mwepesi. Anashuka. Yuko ndani ya ngazi, nazijua ngazi zile za mawe, zinazunguka, gizani unashika ukuta, mzito, mwepesi, anapumzika, mkono wake unapapasa ukutani mahali pale pale tulipokuwa tukipapasa watoto, anashuka mwenyewe, kabla ya damu, hakungoja kulazimishwa, ameamua kunifungulia... "Haya, huyo anakuja, chinja, chinja haraka," anasema Sheikh Muthana, "damu itangulie!" na Jubrani amemshika fahali pembe, na mimi nimemshika Jubrani mkono, sijui nimemshika saa ngapi, ananitazama, "Vipi, Meja, umemwonea huruma ng'ombe?" na watu wanacheka, na fahali bado anaulamba mkono wa koti langu, hana habari, mlango bado umefungwa, mbao zile zile, misumari ile ile, hapana kilichobadilika hapa uwanjani hata kidogo, ila mimi niliyekuwa naomba ufunguliwe, naogopa sasa ukifunguliwa, kwa sababu akifungua kabla sijasema, atanitazama, nitanyamaza, najijua ninavyonyamaza, na atasamehe kila kitu kwa sauti kubwa mbele ya watu wote na yeye mwenyewe atabaki mwizi mpaka siku ya kiyama. Na nikisema? Nikisema niliuvunja uso wangu, basi vigelegele vile vitarudi kooni mwa mwanamke yule, na Sheikh Muthana ataondoa mkono wake begani kwangu, na jeshini watasikia, na watoto wangu wataitwa watoto wa nani... watasema, wacha waseme. Nimevua jambia. Liko mkononi, limetoka kiunoni jepesi, sikutegemea. Mola wangu, Wewe ulisikia neno la kwanza, sikia na la pili, niliwezeshe tu litoke, ni fupi, ni fupi kama lile, nilimpa mimi, enyi watu, hakuiba, nilimpa mimi... mzito, mwepesi, amefika chini, komeo linalia, mkono wake uko kwenye komeo, kaka, Hizamu, kaka yangu, nakuomba kitu kimoja, usifungue kwanza, ngoja hapo hapo nyuma ya mlango mpaka wanisikie.